Jinsi Ubongo Unavyotenga Sauti Nene na Nyembamba

Ngoma kubwa ikilia na filimbi ikajibu, msikilizaji hutambua mara moja sauti nene ni ipi na nyembamba ni ipi. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya sikio peke yake. Sivyo. Sikio ni mfano wa karani wa posta apangaye barua. Azisomaye ni ubongo.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ngozi ya ngoma kubwa hutetema polepole, na hewa iliyomo katika filimbi hutetema upesi. Sikio zima la kijana husikia tangu mitetemo 20 hata 20,000 kwa sekunde moja.

Mitetemo hiyo hupiga kiwambo cha sikio, hupita katika vifupa vitatu vidogo, kisha huingia katika mfereji uliojipinda kama kombe la konokono. Mle mna maji, na utando wenye chembe za vinywele. Georg von Békésy, mtaalamu aliyezaliwa Budapest mwaka 1899, alionyesha kwamba kila sauti huutikisa utando huo zaidi mahali pake: nyembamba mwanzoni mwa mfereji, nene mwishoni. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Kutoka hapo habari husafiri kwa mishipa ya fahamu hata kwenye ganda la ubongo, ubavuni mwa kichwa. Huko nako utaratibu ule haupotei. Chembe za mahali pamoja huitikia sauti nene, jirani zao huitikia za kati, na wengine nyembamba, kama vile vidole vya kinanda vilivyopangwa.

Elimu hii yamfaa sana mtu afanyaye kazi penye kinu cha kusaga au msumeno wa mashine. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane, siku baada ya siku, huweza kuviua vinywele vile, navyo vikifa havioti tena. Hasara huanza katika sauti nyembamba, hasa karibu na mitetemo 4,000. Mtu huyo husikia ngoma vizuri, lakini sauti za s na f humpotea, hata asijue kama ameambiwa "sisi" au "fisi". Jamaa zake humdhania ana kiburi, kumbe ni mgonjwa. Tena imeonekana kwa wanyama kwamba sehemu ya ubongo iliyokosa sauti zake huanza kuitikia sauti za jirani.

Basi heri kukinga kuliko kujuta. Mfanyakazi na avae vizibo vya masikio, apumzike mbali na mashine, na akisikia mlio usiokoma masikioni amwone daktari. Mtoto asiyegeuka aitwapo naye apelekwe mapema, kabla hajachapwa kwa ukaidi asiokuwa nao.