Nambari ya kidoleni na mtoto mahututi

Daktari, mwanangu alipolazwa alibanwa kile kimashine cha kupima oksijeni kidoleni, kikaonyesha asilimia 97. Baada ya muda mfupi naambiwa yuko hatarini, aongezwe damu. Kilidanganya?

Hakikudanganya, mama. Wewe ulikuwa unauliza jingine. Himoglobini ndiyo mbebaji wa oksijeni kwenye damu. Ichukulie kama malori ya mpakani Malaba yanayopeleka chakula Kampala. Kimashine huangalia kila lori limejaa kiasi gani, hakihesabu malori. Malaria ikishateketeza chembe nyekundu yakabaki malori matatu yamejaa pomoni, utasoma 97 huku Kampala wanalala njaa. Kwetu Samia, ambako malaria haina msimu wa kupumzika, hili hunitisha kuliko kasoro nyingine zote za kifaa. Himoglobini chini ya gramu 5 kwa desilita ni upungufu mkali wa damu, nambari ipendeze isipendeze. Angalia viganja na ndani ya kope: vimekuwa vyeupe?

Kinapimaje bila sindano?

Kwa mwanga. Mwekundu na wa infraredi hupenya kidole, na damu yenye oksijeni huufyonza tofauti na isiyo nayo. Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi, mwaka wa 1974, ndiye aliyetumia mpigo wa mshipa kutenga damu ya ateri na nyama inayoizunguka. Basi pasipo mpigo hakuna kipimo. Mtoto aliyekauka kwa kuhara, miguu baridi, nambari yake ni ya kubahatisha. Pasha mguu joto, futa piko au rangi ya kucha, funika jua, tumia kibanio cha mtoto, subiri mpigo utulie.

Eti ngozi nyeusi hukichanganya?

Ndiyo. Utafiti wa Marekani wa 2020 kwa watu wazima ulikuta oksijeni iliyoshuka bila kifaa kuonyesha ikiwapata wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko weupe. Tena vifaa hivi husawazishwa kwa watu wazima wenye afya, ambao oksijeni yao haishushwi chini ya takriban 70. Mtoto mahututi wa hapa kwetu Namboboto hakuwepo kwenye mizani hiyo.

Basi tusikiamini?

Chini ya 90 apewe oksijeni, hapo hakuna mjadala. Wasiwasi wangu ni 91 hadi 94, maana kifaa hukosea nukta 2 au 3, wakati mwingine zaidi. Jaribio la COAST la tiba ya oksijeni kwa watoto, lililofanyika Uganda na Kenya, Mbale ikiwemo, lilipokea watoto wa chini ya 92 kwa kifaa cha namna hii. Aliyesomeka 93 huku oksijeni halisi ya damu yake ikiwa 88 hakuhesabiwa. Kipimo cha uhakika ni damu ya ateri, na zahanati hazina mashine hiyo. Kwa hiyo mbavu zikibonyea, akikoroma kila apumuapo, akikataa titi, usingoje nambari ishuke.

Na aliyelala na jiko la makaa?

Moshi wake una kaboni monoksaidi, nayo kifaa huihesabu kama oksijeni. Atasomeka 99 akiwa anazirai. Mwambie muuguzi habari ya jiko kabla hata hajambana kidole.