Kupokea Agumenti katika Skripti ya Sheli

Agumenti ni neno au namba inayoandikwa baada ya jina la skripti wakati wa kuiendesha. Kwa njia hii, skripti moja hutumika kwa taarifa tofauti bila kuihariri kila mara.

Kumbuka:
- `$0` – jina la skripti
- `$1`, `$2` – agumenti ya kwanza, ya pili
- `$#` – idadi ya agumenti
- `"$@"` – agumenti zote, kila moja peke yake

Mfano

Karani anakokotoa malipo ya wavuvi wa usipa katika vituo vya Ziwa Nyasa. Tuchukulie bei ni shilingi 5,000 kwa kilo. Faili `malipo.sh` lina mistari hii:

```
#!/bin/bash
echo "Kituo: $1"
echo "Malipo: $(( $2 * 5000 ))"
```

Akiandika `bash malipo.sh Liuli 12`, atapata:

```
Kituo: Liuli
Malipo: 60000
```

Sasa mvuvi wa Mbamba Bay analeta kilo 12. Karani anaandika `bash malipo.sh Mbamba Bay 12` na kupata:

```
Kituo: Mbamba
Malipo: 0
```

Kwa nini? Sheli hutenganisha agumenti kwa nafasi. Hivyo `$1` ni Mbamba, `$2` ni Bay, na 12 imekuwa `$3`, ambayo skripti haiitumii. Ndani ya hesabu, Bash huichukulia Bay kuwa jina la kigeu. Kwa kuwa kigeu hicho hakijapewa thamani, huhesabiwa kuwa 0. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea, na mvuvi anakosa shilingi 60,000 zake.

Suluhisho

1. Funga jina lenye nafasi kwa alama za mtajo: `bash malipo.sh "Mbamba Bay" 12`
2. Kagua idadi ya agumenti kabla ya hesabu. Ongeza chini ya mstari wa kwanza:

```
if [ $# -ne 2 ]; then
  echo "Andika: bash malipo.sh kituo kilo"
  exit 1
fi
```

Angalizo: Acha nafasi baada ya `[` na kabla ya `]`. Watahiniwa wengi husahau.

Maswali

1. Katika amri `bash malipo.sh "Mbamba Bay" 12`, `$#` ni ngapi?
2. Skripti yenye ukaguzi itatoa malipo gani kwa `bash malipo.sh Liuli kumi`? Eleza.

Majibu

1. 2.
2. 0. Ukaguzi wetu huhesabu agumenti tu. Hauangalii kama ya pili ni namba.