Mafuta ya Freni: Kujaza Si Kubadilisha



Wengi wetu hapa Alunguli hatuna gari nyumbani. Lakini sote tunapanda magari ya watu kwenda Kalima. Basi somo hili ni la kila mtu.

Mwaka jana mjomba wangu alitoka Kalima na mizigo mizito. Alipoteremka mtoni ili avuke Lualaba, alikanyaga freni, pedali ikaenda mpaka chini, bure. Akakanyaga tena na tena, ndipo gari likasimama karibu na maji. Wamama wenye mizigo kichwani walikuwa wamekwisha kukimbia. Na siku tatu kabla, mjomba alikuwa ameongeza mafuta mapya juu ya yale ya zamani, meusi kama kahawa. Alifikiri ametengeneza.

Kosa liko wapi? Pascal, mtaalamu wa Ufaransa (1623–1662), alitufundisha kwamba nguvu inayosukuma maji yaliyofungwa inafika pande zote. Ndivyo mguu wa shofere unavyofika kwenye magurudumu. Lakini mafuta ya freni yanavuta maji ya hewani, na hapa kwetu hewa ni ya maji sana. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki mpaka 230°C au zaidi. Yakiisha kuvuta maji yanaweza kuchemka kwa 155°C tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Hapo unakanyaga mvuke, hukanyagi freni.

Namna ya kubadilisha, watu wawili:

1. Weka gari mahali sawasawa, zuia magurudumu kwa mawe. Soma kitabu cha gari: DOT 3 ao DOT 4?
2. Vuta mafuta ya zamani katika kopo lake kwa sindano, tia mapya.
3. Anza na gurudumu la mbali, kwa kawaida la nyuma kuume. Vika mpira mwembamba kwenye vise ya kutolea hewa, ncha yake ndani ya chupa yenye mafuta kidogo.
4. Mwenzako akanyage pedali na kushikilia. Fungua vise kidogo, mafuta yatoke, ifunge. Ndipo umwambie: «Achilia!» Akiachilia mbele ya kufunga, hewa inaingia.
5. Rudia mpaka yatoke safi, bila povu. Angalia kopo kila mara, lisiishe kamwe.
6. Kisha nyuma kushoto, mbele kuume, mbele kushoto.
7. Pedali iwe ngumu. Jaribu polepole, mahali pasipo watu.

Tena, angalisho: hapana kutia mafuta ya injini, yanavimbisha mipira ya freni. Hapana kutia maji ya sabuni, hata kama shofere fulani anasema «itafika tu». Chupa iliyokaa wazi usiitumie. Mafuta haya yanakula rangi ya gari. Yakimwagika, osha kwa maji. Ya zamani usiyamwage mtoni, tunakunywa humo. Na kama kopo linapunguka kila wiki, kuna mahali panavuja: mwite fundi.

Magari mengi yanataka kazi hii kila miaka 2. Mjomba sasa ameandika tarehe kwa rangi chini ya kifuniko cha injini. Ukipanda gari kesho, muulize shofere kwa heshima: «Baba, mafuta ya freni ulibadilisha lini?» Akijibu «nilijaza», mweleze somo hili.

Mimi mwenzenu, kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho.