Kabla hujaapdeti programu ya duka, angalia kitambulisho chake

Somo la leo ni fupi ila linagusa hela. Mauzo, stoku na madeni unayoandika kwenye programu ya simu yanaweza kupotea siku ya kuapdeti.

Kila programu ya Android ina majina mawili. Moja ni lile unaloliona chini ya picha yake. La pili ni kitambulisho, na hicho ndicho simu inachokitumia. WhatsApp ya kawaida ni com.whatsapp, WhatsApp Business ni com.whatsapp.w4b. Ndiyo maana zote mbili zinakaa kwenye simu moja bila kugongana.

Toleo jipya likija, simu inakagua mambo matatu:

1. Kitambulisho ni kile kile? Kikibadilika hata herufi moja, simu inaihesabu kuwa programu nyingine. Utaona mbili zinazofanana, na mpya iko tupu. Usifute kitu. Kumbukumbu zako bado ziko kwenye ile ya zamani.

2. Sahihi ya mtengenezaji ni ile ile? Hii ni alama anayoiweka kwenye faili kwa ufunguo wake wa siri. Ikiwa tofauti, simu inagoma. Hatari iko hapa, maana utaambiwa "futa ya zamani kwanza". Ukifuta, vyote vilivyohifadhiwa kwenye simu peke yake vinaondoka nayo.

3. Namba ya toleo ni ndogo kuliko uliyonayo? Kama ni ndogo, simu inagoma pia.

Wenye kompyuta, faili za .msi za Windows zina namba mbili. ProductCode hubadilika kila toleo kubwa jipya. UpgradeCode hubaki ile ile, ili toleo jipya lilitambue la zamani na kuliondoa. Fundi akibadilisha UpgradeCode, matoleo yote mawili yanabaki. Wewe unaandika mauzo huku, msaidizi wako anaandika kule, jioni hesabu hazikutani.

Sasa fanya hivi:

- Toa bakapu kwanza, ikae nje ya simu: Google Drive au faili la Excel. Lifungue uone kama linasomeka.
- Programu ikiwa Play Store, shea linki yake uangalie maneno yanayofuata id=. Yaandike kwenye daftari.
- Fundi akikutumia faili kwa WhatsApp, muulize: "Kitambulisho ni kile kile? Na sahihi je?" Akibabaika, usiiweke.
- Simu ikigoma, endelea na ya zamani mpaka fundi alete faili sahihi.

Bakapu ni kazi ya dakika chache tu. Daftari la madeni likipotea, usitegemee mdaiwa aje kukukumbusha. Mtumie somo hili na mwenzako anayetumia programu ya duka.