Upande Mmoja Ukinyamaza: Mwongozo kwa Mafundi wa Stereo za Valvu

Katika senta kama Mwamapalala, wilayani Itilima mkoani Simiyu, fundi redio hupokea ving'amuzi na sabufa mara nyingi zaidi kuliko amplifaya za valvu. Stereo ya miaka ya 1960 iliyorithiwa, ikiletwa kwa kuwa upande mmoja haulii, yataka utaratibu. Valvu si kipuri cha kununuliwa duka la jirani, na ikivunjwa kwa uzembe kazi yote husimama.

Kabla ya kufungua, hali ya chombo huandikwa mbele ya mwenye mali: mikwaruzo, vitasa vilivyopotea, kilio chenyewe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humtaka aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kama mtu makini atunzavyo yake.

Msingi wa uchunguzi ni kwamba upande mzima ndio mchoro wa saketi. Kila hatua hulinganisha, na kitu kimoja tu hubadilishwa kwa wakati. Huanzwa nje: chombo kikiwa kimezimwa, nyaya za spika hubadilishanwa kulia kwa kushoto. Spika iliyokuwa kimya ikiendelea kunyamaza, amplifaya haina hatia. Ikilia, na ukimya ukahamia spika ya pili, zibadilishanwe nyaya za kuingizia sauti. Kitasa cha mizania na swichi za kuteulia, ambazo vumbi la kiangazi cha Simiyu huzipenda mno, husafishwa mapema. Kazi nyingi huishia hapo. Amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika, kwani transfoma yake ya kutolea sauti yaweza kuungua.

Kisha valvu, zikiwa zimepoa. Zilizo sawa hubadilishanwa soketi. Mwanga wa filamenti si ushahidi wa uzima: ECC83 ina valvu mbili ndani ya kioo kimoja, na nusu yaweza kufa huku nyingine ikifanya kazi. Penye valvu mbili za kutoa sauti kila upande, kufa kwa moja kwa kawaida hudhoofisha na kukwaruza sauti bila kuizima kabisa. Valvu ya kunyooshea umeme, ikihudumia pande zote mbili, haiwezi peke yake kunyamazisha mmoja. Kuinunua kwa kubahatisha ni kupoteza fedha ya mteja.

Ukimya usipohama, ndipo chasi hufunguliwa. Humo, volti 230 za ukutani ndizo ndogo. Kapasita huweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, hivyo hutolewa chaji kupitia rezista, na mita huthibitisha kabla ya mkono kugusa. Asiyezoea volti hizi amkabidhi aliyezizoea, hakuna aibu. Katika vipimo vya chombo kikiwa kimewashwa, anodi isiyo na volti wakati umeme unafika kwenye transfoma huashiria waya wa transfoma uliokatika. Katodi yenye sifuri humaanisha valvu haipitishi umeme, au rezista yake imeshoti. Volti chanya kwenye gridi, palipotarajiwa sifuri, huelekeza kwenye kapasita ya kuunganisha inayovujisha.

Kipuri kilichotolewa hurudishwa kwa mteja pamoja na maelezo ya maandishi. Ujira ukicheleweshwa, sheria humruhusu fundi kukizuia chombo mpaka alipwe, iwapo kazi imekamilika kwa wakati na hapakuwa na makubaliano tofauti. Haki hiyo ni kwa ujira wa kazi hiyo tu. Deni la sabufa ya mwaka jana halimo.