Kazi Ikiisha, Ndoa Isiishe

Somo: Kitabu cha Tobiti, sura ya 1 hadi 5



Siku ya harusi mliahidiana kuwa pamoja wakati wa raha na wakati wa taabu. Wengi wakilisikia neno taabu hufikiria ugonjwa au msiba. Ni wachache wanaoifikiria ile jioni ambayo mmoja wao atarudi nyumbani na barua mfukoni, inayosema kwamba kampuni haimhitaji tena. Hata hivyo jioni hiyo imebisha hodi katika nyumba nyingi za nchi yetu.

Kuanzia mwaka 1993 serikali ilianza kupunguza watumishi wake, na makarani na wahudumu wengi walirudi mashambani kabla ya umri wa kustaafu. Mwaka 2014 kiwanda cha betri cha Eveready mjini Nakuru kilifungwa, na betri zikawa za kuletwa kutoka ng'ambo. Mwaka huohuo kiwanda cha Cadbury jijini Nairobi kiliacha kutengeneza bidhaa hapa, zikawa zinatoka Misri. Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho, hasira ya watu waliopoteza kazi ya kuchuma majani chai ilifikia hatua ya kuchoma mashine zilizochukua nafasi yao.

Tena kuna mabadiliko yasiyo na kelele. Kazi ya ulinzi, ya usafi na ya jikoni katika ofisi na hospitali hupewa kampuni nyingine. Mtu anaendelea kufagia ukumbi uleule, lakini mwajiri wake ni mwingine, na kandarasi yake ni ya miezi michache. Hata kazi za kompyuta zinazoletwa Nairobi kutoka Marekani huja kwa sababu mishahara yetu ni ya chini. Ikipatikana nchi ya bei ya chini zaidi, huhamia huko. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Tunaanza kwa kuliweka jambo hili sawa: mtu aliyepoteza kazi kwa njia hii hakufanya kosa, wala hakupungua utu. Papa Leo XIII alitetea wafanyakazi katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Basi heshima ya baba au mama nyumbani haikuletwa na hati ya mshahara, na hati hiyo ikikoma, heshima haikomi.

MWANA-MBUZI WA ANNA

Sasa fungueni Biblia zenu katika Kitabu cha Tobiti. Tobiti alikuwa Mwisraeli aliyepelekwa uhamishoni Ninawi. Huko alipata kazi nzuri: alikuwa mnunuzi wa bidhaa za mfalme Shalmanesa. Kazi hiyo ilimpeleka mpaka nchi ya Umedi, na akaweka amana huko talanta kumi za fedha kwa mtu aitwaye Gabaeli. Kisha mfalme akafa, mwingine akatawala, njia za kwenda Umedi zikawa za hatari, na Tobiti hakuweza tena kuifikia akiba yake. Baadaye alinyang'anywa mali yote kwa sababu alikuwa akizika maiti za ndugu zake. Mwishowe akapofuka macho. Ahikari, mtoto wa ndugu yake, alimsaidia kwa muda, kisha akahama.

Hapo mke wake Anna akaanza kufuma nguo nyumbani kwa malipo. Siku moja waajiri wake walimlipa ujira wake wote, wakamwongezea na mwana-mbuzi. Tobiti alipomsikia mbuzi akilia, hakusema asante. Aliuliza ametoka wapi, akamshuku mkewe kwamba amemwiba, akaamuru arudishwe. Anna alieleza kwamba amepewa kama zawadi, lakini hakuaminiwa. Naye kwa uchungu akamrudishia mumewe maneno makali: sadaka zako na matendo yako mema yako wapi sasa? Tobiti akalia, akamwomba Mungu afe.

Tazameni vizuri. Nyumba hii ilivumilia kunyang'anywa mali. Ilivumilia upofu. Kilichokaribia kuivunja ni mbuzi mdogo aliyeingia mlangoni bila mazungumzo. Mume alikuwa ameumia kwa kutokuwa mtafutaji, na maumivu yake yakageuka kuwa shuku. Mke alikuwa amechoka, na uchovu wake ukageuka kuwa dharau. Wote wawili walikuwa wacha Mungu.

Tena kuna zile talanta kumi. Ni katika sura ya 4, akidhani atakufa, ndipo Tobiti anazikumbuka na kumweleza mwanawe Tobia. Muda wote Anna alipokuwa akifuma, Kitabu hakituelezi kwamba waliketi wawili kuzungumza juu ya fedha hizo. Je, nyumbani kwako kuna Gabaeli ambaye mwenzako hamjui?

Kutokana na habari hii tuchukue mafunzo manne.

1. FUNGUENI DAFTARI KAZI INGALI IPO

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chagueni jioni moja kila mwezi, watoto wakiwa wamelala, muandike pamoja kinachoingia na kinachotoka. Andikeni yote: mshahara, hisa za SACCO, michango ya chama, na madeni yote pamoja na ya simu. Anayetumia Fuliza anajua kwamba pesa ikitumwa kwake, deni hukatwa kwanza. Ni aibu mke asubiri pesa ya unga huku mume anajua tangu asubuhi kwamba imeshakatwa.

Msisahau udhamini. Mume au mke aliyetia sahihi kumdhamini mwenzake kazini katika mkopo wa SACCO amejifunga kwa deni hilo. Kampuni ikipunguza watu, mkopaji na mdhamini wanaweza kuachishwa siku moja. Mwenzako wa ndoa ana haki ya kujua umemdhamini nani na kwa kiasi gani.

2. WEKENI GHALANI WAKATI WA NG'OMBE WANONO

Katika Mwanzo 41, Yusufu alimshauri Farao aweke akiba sehemu ya tano ya mazao katika miaka saba ya shibe. Najua wengi wenu mtasema sehemu ya tano haiwezekani, kwa karo hii na kodi hii. Basi anzeni na mnachoweza, lakini kiwe na jina na kisiguswe. Lengo la kwanza liwe chakula na kodi ya mwezi mmoja. Lengo la pili liwe karo ya muhula mmoja. Baadaye mfikie miezi mitatu.

Mwenye shamba, hata robo ekari, alime sasa. Mwenye ufundi wa kushona, kusuka au kutengeneza viatu asiuache ufe kwa sababu ana mshahara. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi lazima awe amejifunza kazi kabla koleo haijavunjika.

Angalieni pia matibabu. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA kila mwezi. Kazi ikiisha, makato hayo hukoma, na asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Wekeni fedha hiyo kando mapema, hasa ikiwa mama ni mjamzito au kuna mgonjwa nyumbani.

3. IJUENI HAKI YENU

Upole wa Kikristo haumaanishi kutojua sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema kwamba mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu kazi imepungua apewe ilani isiyopungua mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi badala yake. Afisa wa leba naye ajulishwe, pamoja na chama chake cha wafanyakazi ikiwa ni mwanachama. Alipwe siku za likizo anazodai, na pia malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi.

Tuchukue mfano. Mtu anapata mshahara wa shilingi 24,000, naye amefanya kazi miaka 8. Tukigawa mshahara kwa siku 30, siku moja ni shilingi 800. Siku 15 mara miaka 8 ni siku 120. Malipo yake ya kuachishwa ni shilingi 96,000, mbali na likizo na ilani. Hesabuni yenu leo, muandike katika daftari. Na aliye katika kandarasi asome jina la mwajiri lililo kwenye karatasi yake, ili ajue ni nani wa kumdai.

Fedha hizo zikija, zisiwatie wazimu. Shilingi 96,000 huonekana nyingi mkononi, lakini ni mshahara wa miezi minne tu. Watu watakuja na habari za pikipiki, za duka, za shamba la bei nafuu. Pitisheni mwezi mmoja bila kununua kitu kikubwa, na msikubali lolote mpaka wote wawili mmeliona na kulielewa. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani mmoja asipokubali.

4. SIKU YA BARUA, SEMENI USIKU HUOHUO

Wako waume ambao, baada ya kufutwa kazi, huendelea kuvaa koti asubuhi, wakashinda mjini kwenye viti vya bustani, na kurudi jioni kana kwamba wametoka kazini. Wanakopa ili mke asijue. Anapojua, humwumiza kudanganywa kuliko kukosa mshahara. Bwana, mwambie mkeo usiku huohuo. Nawe mama, usiku huo si wa kuuliza karo itatoka wapi. Mpe chakula, msali pamoja, hesabu zifuate kesho yake. Mke akiwa ndiye aliyepoteza kazi, mume afanye vivyo hivyo.

Watoto wenye akili ya kuelewa waelezwe kwa maneno machache kwamba kutakuwa na kubana matumizi. Mtoto anayeficha njaa kwa sababu anajua ukweli ana nguvu kuliko yule anayedhani wazazi wamemchukia. Lakini madeni yenu msiwatwishe.

Ikiwa sasa mke ndiye anayeleta ugali, mume asisubiri mezani kama mgeni. Achote maji, apeleke mtoto kliniki, afue nguo. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tunayemkumbuka tarehe 1 Mei, haabudiwi kwa mshahara wake, anaheshimiwa kwa sababu alitunza familia. Naye mke asimhesabie mumewe kila shilingi mbele ya jamaa. Mbuzi akiingia nyumbani, swali la kwanza liwe asante, na jibu lisiwe tusi.

Mwisho, msijifiche kwa Jumuiya yenu Ndogo Ndogo. Wengi wakikosa cha kutoa katika mchango, huacha kuhudhuria, na hapo ndipo upweke unapoanza. Tobiti alikuwa na Ahikari, nanyi mna jirani. Aliyesikia kwamba kampuni fulani inaandika watu atamwambia yule aliyemwona jumuiyani.

Mwaweza kusoma mwisho wa Kitabu: fedha zilirudi, na macho ya Tobiti yalifunguka. Si kila nyumba hupata mwisho wa namna hiyo upesi. Lakini Tobia alipokuja na dawa ya macho, aliwakuta baba na mama yake wangali pamoja katika nyumba moja. Hilo ndilo tunalowaombea.

MASWALI YA KUJADILIANA WAWILI

1. Kazi ikikoma mwezi huu, tuna chakula na kodi ya siku ngapi?
2. Ni deni gani, akiba gani au udhamini gani ambao sijakuambia?
3. Ni neno gani langu kuhusu pesa lililokuumiza, na bado hatujalizungumza?

AZIMIO: Juma hili nunueni daftari moja, muandike majina yenu wawili kwenye jalada, na mjaze ukurasa wa kwanza kabla ya Jumapili.

SALA: Ee Mungu, uliyeilinda nyumba ya Tobiti na Anna, tupe riziki yetu ya kila siku. Tukikosa kazi, tusikose upendo. Tukiwa na kidogo, tusifichane. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.