Damu Katika Mkojo: Hadubini Hutafuta Nini?
Mkojo wenye damu ni dalili, wala si jina la ugonjwa. Unguja na Pemba, ambako kichocho kinajulikana tangu zamani, kwanza hutafutwa mayai ya minyoo yake. Mkojo huchukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yatokapo kwa wingi. Mililita 10 huchujwa, na kichujio hutazamwa kwa hadubini. Yai lina mwiba mdogo nchani. Lisipoonekana, kipimo hurudiwa siku nyingine. Yakikosekana kabisa, hasa kwa mtu mzima, figo na kibofu hupigwa picha: huenda ni mawe au saratani. Hata aliyetibiwa kichocho, damu ikiendelea, achunguzwe tena, kwani kichocho cha miaka mingi chenyewe huweza kusababisha saratani ya kibofu.